“Si mmeshaupanda bustanini?”

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe, juu kidogo ya korongo la Mpanga, mahali ambapo watu wakinyamaza unasikia maporomoko. Mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, alikuwa amefungua kwa sala. Wazee walikwisha kusema yao kuhusu moto wa kiangazi na mbuzi wanaoshuka bondeni, nami nilikuwa nimemaliza kueleza kwa nini mitapo, ile miti ya kale inayoota korongoni mle, isikatwe. Tulizungumza Kiswahili kwa sababu pale kulikuwa na Batagwenda, Bakiga, Bakonjo na wavuvi kutoka Ziwa George, na mimi mtoto wa kambi ya jeshi sina lugha nyingine inayonitoka vizuri zaidi mbele ya watu.

Kijana mmoja aliyeketi juu ya bodaboda yake akanyoosha mkono.

“Dokta, samahani. Umesema mlichukua mbegu mkazipanda kwenye bustani yenu. Zimeota?”

Nikasema zimeota, tena vizuri.

“Sasa kama mnao bustanini, huku mnatuzuia wa nini?”

Hakuuliza kwa ubishi. Watu hawakucheka wala hawakupiga makofi. Walinigeukia, wakangoja.

Nilimjibu habari za chavua na mdudu, wazee wakaitikia kwa vichwa, tukaendelea na ajenda. Jibu lilikuwa sahihi. Hata hivyo, kwa wiki kadhaa swali lile limekaa nami: njiani kurudi Fort Portal, mezani ofisini, hata nikimenya matoke jioni.

Kwa sababu nimewahi kulisikia kabla ya siku ile. Nimelisikia kwa watu wenye madaraka makubwa kuliko yake, na wao hawakuliuliza. Waliliandika kama jibu.

Mti wenyewe

Kitaalamu unaitwa Encephalartos whitelockii. Ni sikadi, jamaa ya ile mimea ya kale ambayo wenzetu wa pwani huiita mtapo, na hapa nitauita hivyo. Kwa mbali utadhani ni mchikichi uliodumaa. Ukiukaribia unakuta majani marefu, magumu, yenye miiba inayochana shati, na katikati yake koni mahali ambapo ungetazamia ua. Jamii hii ilikuwapo wakati wa dinosaria.

Mtapo huu hauoti kwa asili mahali pengine popote duniani isipokuwa korongo la Mto Mpanga, magharibi mwa Uganda, kabla mto haujaingia Ziwa George. Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth iko jirani. Katika orodha nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, uko kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na kama ilivyo kwa jenasi nzima ya Encephalartos, uko katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini, pale wanapowekwa faru na gorila. Jina la kisayansi ulilipata katikati ya miaka ya 1990, kwa heshima ya Loran Whitelock, Mmarekani wa California aliyekuwa mkusanyaji mkubwa wa sikadi. Watu wa kando ya korongo walikwisha kuishi nao vizazi na vizazi.

Halafu kuna jambo moja ambalo hubadilisha hesabu yote: mtapo una jinsia. Mmoja ni dume, mwingine ni jike, maisha yao yote. Ukiwa na mitapo mia iliyo dume tupu, una mmea usio na kesho.

Umeme

Mwaka 2011 mtambo wa umeme wa megawati 18 ulianza kazi kwenye maporomoko ya Mpanga. Sehemu ya mitapo iliondolewa kupisha ujenzi.

Silisemi hili kama mtu anayechukia umeme. Nimelala katika vijiji ambako mkunga anapokea mtoto huku ameshika tochi kwa meno. Nchi yetu inahitaji nguvu ile, na mto unaoshuka kwa kishindo namna hiyo lazima utawavutia wahandisi. Mtu anayekaa kwenye taa akamwambia asiye na taa kwamba mti ni bora kuliko taa hana haki ya kusikilizwa.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Katika kazi yangu nimesoma ripoti nyingi za tathmini ya athari kwa mazingira, za miradi ya barabara, mabwawa, mashamba makubwa. Zinatofautiana kwa kila kitu, lakini nimekutana na sentensi moja ndani yake mara nyingi kiasi kwamba nikiifikia macho yanasimama: mmea fulani unapatikana hapa, utaathirika, lakini “umehifadhiwa katika bustani ya mimea”. Baada ya sentensi hiyo, mjadala wa mmea ule hufungwa. Ukurasa unaofuata ni wa vumbi na kelele.

Yule kijana alisema kwa mdomo kile ambacho ripoti huandika kwa wino. Tofauti ni kwamba yeye alingoja jibu.

Kilichomo kitaluni

Nimefanya kazi pande zote mbili: miaka ya kutembea na askari wa hifadhi nikihesabu miti, na miaka ya kukaa bustanini nikiotesha. Kwa hiyo niseme kwa undani kile tulicho nacho tunaposema “tunao”.

Koni dume ikikomaa hurefuka, magamba yake huachana, na ukiigonga kidogo vumbi la manjano hudondoka. Hilo ndilo chavua. Naitandikia gazeti chini yake usiku, asubuhi nakusanya, nachekecha kuondoa wadudu na takataka, nakausha, naweka kwenye kichupa ndani ya friji. Lazima niiweke, kwa maana bustanini dume na jike mara nyingi hawakomai wakati mmoja. Dume anaweza kutangulia kwa wiki nyingi.

Koni jike nayo hujifungua kwa siku chache tu, nyufa nyembamba kati ya magamba. Ukichelewa umekosa mwaka, pengine zaidi, maana jike hatoi koni kila msimu. Siku hizo nachanganya chavua na maji kwenye sirinji na kupuliza ufa kwa ufa, mikono imechanika kwa miiba.

Nisipofanya hivyo, koni huvimba vilevile. Hutoa mbegu kubwa, zenye nyama nyekundu, nzuri machoni. Mgeni anayetembelea bustani hupiga picha na kuondoka ameridhika. Ukiipasua mbegu ile, ndani hakuna kiinitete, yaani kile kichanga cha mmea kinachoota.

Korongoni kazi hiyo hufanywa na fukusi, wadudu wadogo kuliko punje ya mchele. Wanazaliana ndani ya koni dume na kula humo. Jioni koni iliyokomaa hupata vuguvugu. Ukiweka kiganja unalihisi, na harufu yake inakaa kwenye ngozi hadi usiku. Joto na harufu ndivyo vinavyowaita wadudu na kuwahamisha, wakatoka kwa dume wamejaa chavua wakaingia kwa jike. Dume, jike na mdudu wamepatana saa ya kufanya jambo lao. Mimi na sirinji yangu tunaigiza sehemu ndogo tu ya mapatano hayo.

Ongeza nyani na ndege wanaokula nyama ya mbegu na kuacha kokwa yenye sumu mbali na mama. Ongeza mizizi ile ya ajabu inayopanda juu ya udongo kama matumbawe, ambamo bakteria huishi na kuutengenezea mti naitrojeni kutoka hewani, ndiyo sababu unaweza kusimama juu ya mwamba usio na rutuba. Ongeza ukungu wa maporomoko.

Wapo wanaoniambia: basi wekeni mbegu kwenye benki ya mbegu. Mtama, maharage na miti mingi vinakubali. Unazikausha mbegu vizuri, unazihifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, zinakaa miongo ya miaka. Mbegu ya mtapo ukiikausha hivyo inakufa. Hata inapodondoka kutoka kwenye koni, kiinitete chake bado ni kichanga na huhitaji miezi kukomaa. Hauwekwi kabatini mti huu. Ama unaishi, ama haupo.

Dume wa Ngoye

Mwaka 1895, katika msitu wa Ngoye huko Afrika Kusini, John Medley Wood aliona kundi dogo la mashina ya mtapo ambao haukuwa umejulikana na wanasayansi. Leo unaitwa Encephalartos woodii. Machipukizi yake yalipelekwa bustani ya Durban, Kew kule London, na baadaye bustani nyingine nyingi duniani. Msituni ukaisha.

Yote yaliyopatikana yalikuwa dume. Watu wametafuta jike tangu wakati huo, hajapatikana. Kila woodii anayeishi sasa, popote alipo, ni kipande cha dume yule yule mmoja.

Nikiwa mwanafunzi nilisoma kisa hiki kama ushindi wa bustani, na kwa kiasi fulani ndivyo kilivyo. Bila bustani tusingekuwa na hata jani. Siwezi kuidharau kazi hiyo, nami ndiyo niifanyayo. Lakini naomba msomaji alitazame lile dume jinsi lilivyo: limelindwa vizuri sana, linamwagiliwa, linatoa koni kubwa, na chavua yake haina pa kwenda.

Sisi Waganda tuna cha kwetu kinachofanana. Faru weupe wa kaskazini walikuwa West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 faru wote wa porini nchini mwetu walikuwa wameisha, kwa bunduki na kwa vita. Waliobaki wa kaskazini ni majike wawili tu, Najin na Fatu, wako katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya, walikoletwa mwaka 2009 kutoka zoo ya Jamhuri ya Cheki. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa mwaka 2018. Faru tulio nao katika hifadhi iitwayo Ziwa, wilayani Nakasongola, ambako mradi ulianza mwaka 2005, ni weupe wa kusini; nawapenda na nafurahi kila ndama anapozaliwa, lakini ni wa ukoo mwingine.

Zoo iliwahifadhi Najin na Fatu. Hilo ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Walipofika Kenya, wa kwao wa porini walikuwa hawaonekani tena.

Ambao hawana bustani

Usiku mmoja nilikuwa napitia takwimu za Bwindi, msitu wa gorila kusini-magharibi mwa Uganda, kwa kazi nyingine kabisa, nikakwama.

Hesabu ya mwaka 2018 katika Bwindi na Sarambwe, hifadhi ya Kongo inayopakana nayo, ilitoa gorila wa milimani 459. Ukijumlisha na 604 wa safu ya milima ya Virunga unapata 1,063. Mwaka huo huo IUCN iliwashusha kutoka daraja la hatari kubwa kabisa. Katika miaka ambayo takriban kila kitu kingine kilikuwa kinapungua, wao wanaongezeka.

Na hakuna zoo hata moja duniani yenye gorila wa milimani.

Hapakuwa na mtu aliyeweza kuandika kwenye ripoti kwamba gorila hawa “wamehifadhiwa” mahali pengine. Msitu ukiisha, wameisha. Kwa hiyo nguvu yote ilibidi iende msituni kwenyewe: askari wanaofuata familia kila siku, madaktari wa wanyama wanaopanda milima na bunduki za dawa, wataalamu kama Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka walioona kwamba afya ya gorila haitengani na afya ya jirani yake, asilimia 20 ya ada za kuingilia inayorudi kwa jamii za jirani. (Sitasahau Batwa, wenyeji wa msitu huo, waliotolewa Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Haki yao haiwezi kufunikwa na idadi ya gorila, nami sitaki korongo la Mpanga lihifadhiwe kwa njia ile.)

Mtapo nao ukapata bahati mbaya ya kuwa mwepesi. Unachukua mbegu, unaipasha joto, inachipua. Huhitaji daktari wala bunduki ya dawa. Unaishi kwenye chungu ofisini.

Wepesi wa kuuotesha ndio unaouhatarisha.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinanisumbua tangu mkutano ule. Kila mche ninaoukuza unaweza kusomwa na mtu fulani kama ruhusa. Naupanda ili korongo lisipotee, na mwingine anauhesabu ili korongo lipotee bila lawama. Kwa siku kadhaa nilijiuliza kama ingekuwa afadhali tusiwe nao kabisa, tuwe kama watu wa gorila. Nilimwambia mwenzangu mmoja wazo hilo akashtuka. Akaniuliza moto mkubwa ukipita bondeni mwakani nitasema nini. Sikuwa na la kusema, na sina hadi leo. Miche lazima iwepo.

Nilimtafuta

Nilipopata safari ya kwenda tena kule, nilimtafuta yule kijana. Nilimkuta stendi, anangoja abiria. Nikamwambia, “Mdogo wangu, lile swali lako limenikosesha usingizi. Ulikuwa unamaanisha tuukate?”

Akashangaa. “Hapana, Dokta! Mimi nilikuwa nataka kujua, ukiisha huku mtaurudisha? Maana moto ukija nyinyi mko mbali. Sisi ndio tunashuka na matawi kuuzima. Na miche iko kwenu.”

Akawasha pikipiki, abiria alikuwa amefika.

Mtaurudisha? Swali hili ni gumu kuliko lile la kwanza, na ni la kisayansi kabisa. Mche wa mtapo huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi, kabla haujatoa koni ya kwanza. Hadi wakati huo hujui hata kama ni dume au jike. Ukichukua mbegu kutoka kwa mama wachache walio karibu na njia, kwa sababu ndio wanaofikika, utarudisha ndugu watupu. Ukiikuza kando ya mitapo ya nchi nyingine, wadudu na upepo havisomi vibao. Jenasi hii huchanganyika kirahisi, na mbegu inayofuata inaweza kuwa chotara anayefanana na mama. Miche ya bustani hubeba pia wadudu gamba na kuvu za mizizi ambazo korongo halijawahi kuzijua. Na hata ukishinda yote hayo, mdudu umrudishe kutoka wapi? Fukusi hakuna anayemfuga. Koni zikikosekana korongoni kwa misimu michache, yeye ndiye atakayetangulia kuisha, na hakuna atakayetangaza msiba wake.

Kwa hiyo jibu la kweli kwa kijana yule ni hili: tunaweza kuongeza miti mahali ambapo mingine bado ipo na mdudu bado yupo. Kulirudisha korongo lililokwisha, hapana.

Upande wa pili wa maneno yake ni wa haki tu. Miche iko kwetu, moto uko kwao. Kitalu cha kurudishia kinapaswa kuwa kule, juu ya korongo, kikitunzwa kwa malipo na watu wanaozima ule moto, kwa mbegu za korongo lile pekee, bila mche hata mmoja kutoka mjini. Nina hofu zangu. Sikadi huibwa, wakusanyaji wa nje hulipa fedha nyingi, na kitalu kijijini ni rahisi kuvamiwa kuliko mwamba wenye utelezi. Vibali vinahitaji subira. Mzee mmoja ameniuliza kama mtu akishalipwa kutunza miche hatataka wa bondeni upungue ili kazi yake iendelee, na nikaona amefikiri mbali kuliko waandishi wengi wa miradi. Bado nakitaka kitalu hicho.

Safu nne

Wakati huohuo kuna jambo lililo mikononi mwangu bila kungoja fedha ya mtu. Mimi huombwa maoni juu ya ripoti. Nimeacha kuiruhusu ile sentensi ipite peke yake. Popote inapoandikwa kwamba mmea umehifadhiwa bustanini, narudisha jedwali lenye safu nne zijazwe: mimea hiyo imetoka kwa mama wangapi; kila mama alikuwa wapi hasa; je, imewahi kuzaa yenyewe bila mkono wa mtu; na ni lini, wapi, kwa gharama ya nani, itarudishwa. Safu ikibaki tupu, sentensi inafutwa, na athari kwa mmea ule inahesabiwa kana kwamba bustani haipo.

Nimeanza na mitapo yetu wenyewe kitaluni. Safu ya kwanza imejaa. Ya pili ina mapengo kwa sababu baadhi ya vibao vya zamani vinasema “Mpanga” tu. Ya tatu ni hapana kwa kila mche. Mwenzangu yule aliyeshtuka anasema safu hiyo ya tatu ni kali mno, kwamba hakuna bustani itakayoipita na tutawavunja moyo wakulima wa bustani wote nchini. Mimi naona ndiyo inayopaswa kubaki hata nyingine zikiondolewa. Tumepanga kuijadili tena wiki ijayo, na nimemwomba mwenyekiti wa LC aje.